Kuku wa Ukutani

Kijiko kiligonga kikombe alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajafungua mdomo. Nikajua mwanangu ana jambo, maana chai yake haitii sukari. Mtu anayekoroga chai isiyo na sukari anakoroga maneno.

"Sema, baba," nikamwambia kutoka kitandani.

"Mama, wapaka rangi wa kampuni ya sabuni wanakuja leo."

Duka letu liko mbele ya nyumba. Kwenye ukuta unaotazama barabara yaliandikwa maneno: Nguo yako, heshima yako. Mwisho wa maneno, karibu na mlango, amelala kuku mweupe juu ya povu la sabuni. Marehemu baba yake ndiye aliyemchora, na katika picha zote alizochora alibaki huyo tu.

"Ukisema hapana, nawarudisha," mwanangu akasema. "Na friji waliyotuahidi kwa ukuta huu waende nayo."

Alisema hivyo kwa upole, nami nilijua jinsi duka linavyoihitaji hiyo friji.

"Waache wapake," nikamjibu. "Kuku wa ukutani hatagi."

Akacheka kidogo. Kijiko kikatulia.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuandika mabango, na watu walimwita Fundi, hata mimi. Siku hizo kampuni ya sabuni ilitaka kila duka la barabarani liwe na picha yake: ndege mweupe mwenye shingo ndefu, wa nchi za mbali. Wakamtumia karatasi yenye picha ndogo kama stempu. Karatasi ikanyeshewa njiani, shingo yote ikafutika. Fundi akaigeuza huku na huku, kisha akatazama uani, ambako kuku wetu alikuwa ameatamia.

"Ni huyu huyu," akasema. "Wamemnenepesha tu."

Mkaguzi wa kampuni alipofika, alishika kiuno. "Fundi, huyu ni nini?"

"Ndege wenu, bwana."

"Ndege wetu ana shingo."

"Ameiingiza ndani. Amelala."

Mkaguzi akaagiza afutwe palepale. Fundi alikuwa ameshapanda ngazi na brashi yake ya chokaa, dobi wa mtaani akapita na furushi kichwani, akaniita dirishani, "Mama, nipe sabuni. Ile ya kuku." Nyuma yake akaja mwingine, naye akataka ya kuku. Jina la sabuni kwenye karatasi yake lilikuwa refu na la kigeni, hakuna aliyeliweza.

Mkaguzi alisimama akisikiliza. Kisha akaishika ile ngazi kwa mikono yake miwili, na nguo zake safi zile, akasema, "Shuka taratibu, Fundi. Mwache alale." Sijamsahau kwa kuishika ile ngazi.

Jua lilipopanda, gari la kampuni likasimama. Akashuka binti mwenye futi ya kupimia, na mpaka rangi nyuma yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu kiti."

Nikamuuliza kwa nini wanabadilisha. Akaeleza bila haraka, kama mtu anayeheshimu swali. "Tunataka mtu akishuka kwenye basi, mji wowote, aione rangi yetu kwa mbali hata kabla hajasoma. Akiizoea, ataiamini."

"Ndivyo ilivyo. Hata huyu kuku walimzoea."

Akamtazama ukutani. "Bibi, watu bado wanaiita sabuni ya kuku. Ofisini tulidhani wanatutania."

Basi nikamsimulia yote, hadi ngazi. Alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akampigia simu mkubwa wake. Nilimsikia akisema "ndiyo" mara nyingi, na kila moja ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia.

"Maduka yote lazima yafanane," akaniambia.

"Usijali, mjukuu wangu," nikamjibu. "Kazi ni kazi."

Mpaka rangi akasogeza ndoo mlangoni, alipolala kuku.

"Usianzie hapo," binti akamwambia. Akaifungua futi. "Mkataba unasema mita sita za ukuta. Haujasema zianzie wapi. Anzia kule pembeni."

"Dada, karibu na mlango ndipo panapoonekana."

"Anzia kule, kaka yangu."

Rangi mpya ikaja polepole, ikameza nguo, ikameza heshima. Mita sita zilipokwisha, lilibaki neno moja mbele ya kuku: yako.

Binti alikunja futi yake. Nikamfungia kipande cha sabuni kwenye karatasi, akakipokea kwa mikono miwili.

"Rudi unitembelee, mjukuu wangu," nikamwambia. "Ila siku hiyo futi uiache ofisini."