Miezi Mitano ya Orrin Pruett

Asubuhi ya Jumanne, wiki ya mwisho ya Februari, mkaguzi wa hesabu za jimbo aitwaye Corinne Stadtler aliegesha gari mbele ya kituo cha kuangulia samaki cha Cobb Spring, akavua viatu vya ofisini, akavaa buti za mpira na kuingia ndani na mkoba wake wa makaratasi. Alikuwa na kazi tatu pale: kupima uzito wa samaki, kuangalia nani anashika funguo za stoo, na kulinganisha orodha ya watumishi na watu waliopo. Mbili za kwanza alizimaliza kabla ya saa nne. Samaki walipungua kilo tisa, jambo ambalo hakuliandika, kwa kuwa korongo nao wana watoto wa kulisha.

Orodha ilikuwa na majina manne. Kwenye banda la mayai alihesabu watu watano.

Yule wa tano alikuwa ameinama juu ya trei, akitoa mayai yaliyokufa. Yai la trauti, samaki waliofugwa pale, likiwa hai lina rangi ya chungwa. Likifa hugeuka jeupe, na lisipoondolewa mapema huota ukungu na kuyaua ya jirani. Mtu huyo aliyatoa moja moja kwa kibano, haraka, bila kugusa yaliyo mazima. Mikono ya shati lake ilikuwa ikidondosha maji. Banda lilikuwa na baridi kali na kila aliyekuwamo alitoa mvuke mdomoni, isipokuwa yeye.

"Na huyu?" Corinne aliuliza.

"Huyo Orrin Pruett," alijibu Lyle Boggess, msimamizi wa kituo. "Tulimzika Novemba."

"Mbona hayumo kwenye orodha?"

"Si nimekwambia tulimzika? Makao makuu walimfuta kesho yake. Kwa kufuta wana mbio hao, mama. Kwa kuajiri ndipo miguu inawauma."

Corinne aliandika. Katika miaka ishirini na sita ya ukaguzi alikuwa amewafichua watumishi hewa wa kila aina: majina yanayopokea mshahara na hayana mwili, shemeji za wakubwa, hata farasi mmoja. Huyu alikuwa kinyume chao. Alifanya kazi na hakupokea kitu, tena hakuwa hewa hata kidogo. Alikuwa maji. Chini ya kiti chake palikuwa na kidimbwi, na Lyle alikuwa ameweka ubao ili wengine wasiteleze.

Habari yake ilikuwa fupi. Siku ya Jumatano, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, moyo wa Orrin ulisimama akiwa analisha samaki, akaangukia kwenye mfereji namba sita. Jumamosi akazikwa. Jumatatu saa moja asubuhi aliingia, akatundika kofia yake kwenye msumari wake, akafunga aproni. Lyle alimpa pole, Orrin akashukuru, wakaenda kulisha vifaranga. Serikali ilikuwa imezuia nafasi zote zilizoachwa wazi zisijazwe, kwa hiyo Lyle hakuona sababu ya kumfukuza mtu anayeijua kazi.

Orrin alikuwa amerudi kwa ajili ya miezi mitano. Sheria ya jimbo ilisema mtumishi akitimiza miaka kumi, mjane wake atapata pensheni na bima ya matibabu mpaka siku atakayozikwa. Ikipungua hata siku moja, anarudishiwa makato ya marehemu pamoja na barua ya rambirambi. Orrin alikuwa na miaka tisa na miezi saba. Zamani ilikuwa miaka mitano tu, lakini mfuko wa pensheni ulipogundulika kuwa mtupu zaidi ya nusu, wakubwa waliona dawa yake ni kuwafanya watu wasubiri zaidi. Mfuko ulikauka kwa sababu serikali iliruka mchango wake kwa miaka kumi na sita, huku michango ya watumishi ikikatwa kila mwezi bila kusahau. Mkono wa serikali ni mrefu, tunaambiwa. Wa kutoa una kasoro ya kiwiko. Corinne alikuwa ameliandika jambo hilo katika ripoti saba, na ripoti saba zilipokelewa kwa shukrani.

Saa sita mchana pikapu ya buluu ilisimama nje. Akashuka Verna Pruett, mkewe Orrin, akiwa na chupa ya kahawa na mkate wa soseji uliofungwa kwenye karatasi. Alichechemea kidogo, kwa kuwa alikuwa na kisukari na mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi. Aliweka chakula mbele ya mumewe, kisha akakaa na kukila mwenyewe, maana Orrin hakuwa akila tena.

"Miaka tisa mtu huyu hakuwahi kufika kazini kwa wakati," alimwambia Corinne. "Muulize Lyle. Nimemvuta miguu kitandani mpaka nikachoka. Sasa amekufa ndiyo amekuwa mtumishi hodari."

"Verna, kuna mgeni," alisema Orrin. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila ilitoka taratibu kidogo.

"Mgeni asikie! Mtu gani anarudi kutoka kaburini halafu anapitiliza nyumbani kwake, anakwenda kwa samaki?"

"Nyumbani hakuna mahudhurio."

Verna alicheka, kisha akaacha kucheka na kumfuta mumewe maji shingoni kwa leso. Leso ililowa mara moja. Alikuwa na sindano za kisukari za kumfikisha Mei, na hilo alimweleza Corinne bila kuulizwa, huku akihesabu kwa vidole.

Orrin aliweka kibano chini. "Mama mkaguzi, nina ombi. Mashine inaitema kadi yangu ya mahudhurio. Lyle ananiandika kwenye daftari, lakini Lyle ni rafiki yangu, nani atamsadiki? Wewe ukiandika watasadiki. Sitaki uongeze kitu. Andika kwamba nilikuwepo."

Corinne aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Aliogopa, si kwa sababu ya maiti, bali kwa sababu ombi lilikuwa la haki na alijua haki hufika wapi ikishapigwa muhuri. Hata hivyo mkaguzi huandika alichokiona. Akatoa kalamu, akaandika jina, tarehe na saa. Karatasi ililowa mahali penye jina, na haikukauka hata alipoiweka juu ya hita ya gari.

Alirudi mara nne bila kutoa taarifa, kama kanuni inavyotaka. Mara zote Orrin alikuwepo. Tarehe thelathini Aprili alikuja na kukaa mpaka saa kumi na nusu, muda wa kufunga. Verna alileta pai ya tofaa, na watumishi wengine wakapewa vipande. Orrin alishika sahani yake kwa heshima mpaka pai ikaelea.

"Miaka kumi," alisema Lyle. "Hongera, ndugu yangu."

Orrin alimtazama Corinne. Macho yake yalikuwa yamechoka, na Corinne hakuwahi kuona uchovu wa namna ile kwa mtu aliye hai. "Naweza kwenda sasa?"

"Subiri barua," alisema Corinne.

Ripoti ilitoka Juni. Habari ya Orrin ilikuwa hoja ya kumi na nne, baada ya ile ya magari yasiyo na vitabu vya safari. Iliandikwa kwamba wakaguzi walimshuhudia mtumishi akitimiza wajibu wake, na ikapendekezwa utumishi wake utambuliwe. Nakala arobaini zilipelekwa kwenye kamati ya bunge la jimbo, na zote arobaini zilikuwa zimelowa kuanzia ukurasa wa thelathini na mmoja. Waheshimiwa walifungua ukurasa huo, wakafuta vidole kwenye leso zao, wakaenda kwenye hoja ya kumi na tano. Idara ilijibu kwa maneno matatu, kwamba inakubali hoja hii.

Barua ya mfuko wa pensheni ilifika Agosti. Verna hakuifungua nyumbani. Aliileta kwenye banda, akavaa miwani na kuisoma kwa sauti mbele ya mumewe, Lyle akiwa mlangoni.

Mfuko ulifurahi kumjulisha kwamba, kwa kuzingatia ripoti ya mkaguzi, utumishi wa Bwana Pruett wa miaka kumi kamili umetambuliwa.

"Eeh," alisema Lyle.

"Ngoja. Haijaisha." Verna alisogeza barua karibu na uso. Mfuko ulieleza kwamba mafao ya mjane hulipwa pale mtumishi anapofariki. Kwa kuwa ripoti hiyohiyo inathibitisha kwamba Bwana Pruett alikuwepo kazini baada ya Novemba, na bado yupo, Mfuko hauwezi kumhesabu kuwa amefariki, na kwa hiyo hakuna mjane. Bwana Pruett atastahili pensheni yake ya uzeeni akifikisha umri wa miaka sitini na saba. Endapo ataacha kazi kabla ya hapo, Mfuko utarejea kwenye cheti cha kifo na tarehe iliyomo, yaani utumishi usiofika miaka kumi. Makato aliyorudishiwa Bibi Pruett kimakosa ayarejeshe ndani ya siku tisini.

Verna alivua miwani.

"Kwa hiyo sijafiwa," alisema Verna.

"Kwa mujibu wa barua," alisema Lyle.

"Halafu yeye anazeeka?"

"Kwa mujibu wa barua, ndiyo."

Verna alikunja barua mara mbili, mara nne, mpaka haikukunjika tena. "Orrin, una bahati mbaya hata kaburi halikutaki," alisema, na sauti ikamkatika katikati, akalia. Alikuwa hajalia hivyo siku ya mazishi, kwa sababu siku ile alikuwa na watu wa kuwapikia. Orrin alitaka kumshika bega lakini akakumbuka kwamba angemlowesha. Akachukua kibano, akarudi kwenye trei, kwa kuwa mayai meupe yalikuwa yameanza kuonekana na ilikuwa bado saa za kazi.

Baada ya miaka miwili Corinne alirudi Cobb Spring kufuatilia utekelezaji wa hoja. Safari hii orodha ilikuwa na majina matano. La tano lilikuwa la Verna, kibarua wa msimu, asiye na bima wala pensheni. Makao makuu walikuwa wameruhusu vibarua.

Aliwakuta bega kwa bega kwenye banda la mayai. Verna alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu, kwa sababu alikuwa amekatwa vidole viwili vya mguu. Koti lake lilikuwa limelowa upande mmoja, upande wa mumewe. Alikuwa ameshaacha kujali.

"Imebaki miaka mingapi?" Corinne aliuliza.

"Kumi na mmoja," alisema Orrin.

"Mimi ndiye niliyekuponza. Ningekaa kimya ningekuwa nimekusaidia zaidi."

"Nilikuomba mwenyewe. Wewe uliandika ulichokiona."

"Dada, usijitie unyonge," alisema Verna bila kuinua kichwa. "Wanawake wenzangu mjini waume zao wako hai na hawaonekani nyumbani. Wangu najua alipo."

Fomu ya ufuatiliaji ilikuwa na visanduku vitatu: haijatekelezwa, inaendelea, imetekelezwa. Pendekezo lilikuwa utumishi utambuliwe, na utumishi ulitambuliwa. Corinne aliisoma fomu mbele na nyuma akitafuta kisanduku kingine. Kisha akaweka alama kwenye cha tatu, na hoja ya kumi na nne ikafungwa.

Kabla hajaondoka alifungua daftari lake, akaandika jina la Orrin Pruett, tarehe na saa, ingawa safari hii hakuombwa. Karatasi ikalowa. Nyuma yake Verna, ambaye kisukari kilikuwa kimeanza kumla macho, aliinua yai kwa kibano na kulipeleka kwenye ndoo.

"Hilo bado liko hai, mke wangu," alisema Orrin. "Lirudishe."