Wingu kwenye Boneti

Felisiani, dereva wa lori, alipoingia uani na habari ya mzee Huseni, Mwanamvua alikuwa anapeta mchele. Ungo ulimponyoka, na kuku wa nyumba nzima wakafika kabla hajauinua.

"Amefanyiwa tayari, mama Sada," Felisiani alisema. "Jicho limesafishwa. Atarudi Ijumaa na lori langu."

"Anaona?"

"Bado amefungwa kitambaa. Daktari amesema asikifungue njiani kwa sababu ya vumbi. Akifika kwake, atulie, ndipo afungue." Felisiani akajikuna shingo, akatabasamu. "Na amenipa ujumbe. Anasema kitu cha kwanza anachotaka kukiona ni gari lake. Anasema alikute limeoga."

"Gari! Si mimi?"

"Mimi nimetumwa tu, mama. Msinigombanishe na mzee."

Mwanamvua alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Maana jicho la kushoto la mumewe lilikuwa limekwisha kitambo, na hili la kulia ndilo pekee lililobaki. Lilipoingiwa na mtoto wa jicho, Huseni aliacha kuendesha, kisha akaacha kusimama dukani, na mwishoni akawa anawajua wateja kwa kikohozi chao. Sasa jicho lilikuwa limesafishwa, na mtu anataka kuona gari.

Lakini alijua kwa nini. Mwaka ule walipolileta gari kutoka Mbeya, jeusi, jipya, Huseni alimpeleka hadi ukingoni, pale uwanda wa Ufipa unapokatika ghafla na bonde la Rukwa likalala chini kwa mbali, na njia ya Mtowisa ikishuka kama uzi uliodondoka. Walikaa garini, hawakushuka. Upepo ulikuwa unapiga nyasi. Kisha Huseni akamshika mkono akamwambia, "Tazama mbele yetu." Alipotazama aliona mbingu yote imelala juu ya boneti, na wingu moja dogo likipita polepole, kutoka taa hii hadi taa ile. "Umeona?" Huseni alisema. "Tumebeba wingu." Waliliangalia mpaka lilipomaliza kupita.

Hilo ndilo alilolitaka Huseni, na Mwanamvua aliapa moyoni kwamba atalipata.

Banda la gari lilikuwa nyuma ya jiko. Alipofungua mlango, kuku wawili waliruka kutoka kwenye paa la gari wakitukana. Vumbi lilikuwa jekundu na nene, la kuweza kuandika jina, na mavi ya kuku yalikuwa yamekauka kama chokaa. Alilisukuma gari kidogo kidogo mpaka likatoka nje, likashuka lenyewe kwenye mteremko wa ua na kusimama chini ya kivuli cha ukuta.

Ulikuwa msimu wa baridi, ule ambao Sumbawanga maji ya asubuhi huuma vidole kama siafu. Mwanamvua aliyapasha moto. Alikwangua sabuni ya mche ndani ya ndoo, akaanza juu kwenye paa na kushuka, maana uchafu hutelemka haupandi. Penye mavi ya kuku aliweka kitambaa kilicholowa, akakiacha mpaka yakalainika, asije akayakwangua. Alifanya taratibu, kama mtu anayemwogesha mgonjwa. Maji mekundu yalitiririka hadi kwenye migomba.

Gari likawa safi. Lakini halikung'aa. Alisimama mbele ya boneti na kumwona mwanamke wa kijivu asiye na macho.

Hapo ndipo alipogeuka na kuyaona masufuria yake juu ya kichanja, yamepangwa, yanameta mpaka yanaumiza. Mtaa mzima ulijua masufuria ya Mwanamvua. Mama yake alimfundisha: majivu, laini, yaliyochekechwa, na mkono usiochoka. Hakuna chombo kilichowahi kumshinda kwa majivu.

Akachukua majivu jikoni. Akayachekecha kwa kitambaa. Akapiga magoti mbele ya gari la mumewe akasugua boneti kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Alisugua huku akiimba kimoyomoyo, akiona lile wingu dogo linarudi, akiona Huseni anafungua kitambaa. Pembeni, karibu na taa ya kulia, ndipo alipoanzia, na ndipo alipokazia zaidi.

Akamwaga maji.

Boneti lilikuwa limefifia. Weupe mwembamba umelifunika lote, kama ukungu usiosogea. Mwanamvua aliujua weupe ule. Alikuwa ameutazama miaka yote ile, kila asubuhi, katika jicho la mumewe.

Dominika alimkuta amekaa chini kwenye maji, kanga imelowa. Dominika alikuwa mfinyanzi, mke wa Zenon mrina asali, kutoka kijiji cha njia ya Namanyere. Kila akileta vyungu sokoni alipita kwa Mwanamvua kunywa uji, na walikuwa wakitaniana tangu Sada angali mgongoni. Aliutua mtungi, akalizunguka gari zima kabla ya kusema.

"Mama Sada. Umelipika?"

"Nimelisugua kwa majivu."

"Kwa majivu! Ungelitia na nazi kabisa."

"Nicheke mimi, Dominika, leo nimestahili. Huseni anarudi Ijumaa. Amesema jicho lake lifunguke mbele ya gari hili. Mimi nimelitia mtoto wa jicho."

Dominika akaacha kucheka. Akachuchumaa kando yake, hukohuko kwenye maji, gauni lake la safari likalowa nalo, wala hakulitazama. Akapitisha kidole kwenye boneti. Akakifuta, akapitisha tena.

"Rangi imekwaruzwa juu juu tu," alisema. "Chungu nacho hupatwa hivi ukikisugua kwa jiwe lenye chembe. Kinafifia. Hukirudishi kwa nguvu. Unakirudisha kwa kitu laini zaidi, halafu laini zaidi ya hicho. Ila mimi sijawahi kufinyanga gari, dada. Nisije nikakudanganya."

"Tujaribu."

"Tutajaribia mahali pasipoonekana. Chini ya mlango."

Dominika alikuwa na udongo mweupe kwenye kikapu, ule ambao wanawake wa Ufipa huuchota bondeni kwa kupaka kuta. Aliuvuruga kwenye ndoo ya maji mpaka maji yakawa kama maziwa, akasema sasa wauache. Mchanga wote utalala chini. Kitakachobaki juu juu ndicho wanachokihitaji. Mwanamvua alitaka kuanza palepale. Dominika akampiga kibao cha mkono.

"Haraka yako ndiyo iliyoleta majivu. Nipe uji."

Alilala hapo siku hiyo. Kule nyumbani Zenon angemngoja na angejipikia mwenyewe, na Dominika alisema itamfaa, atakumbuka thamani ya ugali. Wanawake wale wawili walilala kitanda kimoja, wakizungumza gizani habari za watoto, hadi sauti zao zikaanza kuachana katikati ya maneno. Mwanamvua aliota yuko ukingoni mwa bonde na Huseni, lakini gari limetengenezwa kwa udongo, na mvua ilikuwa inakuja, na Dominika amesimama njiani ameikingia mvua mtungi wake.

Asubuhi walichota ule ute mweupe wa juu kwa kikombe, wakaupitisha kwenye kitambaa. Ulikuwa laini kuliko unga wa ulezi uliosagwa mara mbili; ukiusugua kati ya vidole husikii kitu. Walitia tone la mafuta ya karanga. Dominika akaomba nguo kuukuu, na Mwanamvua akatoa kanzu ya Huseni ya zamani, iliyofuliwa mpaka imekuwa kama ngozi ya mtoto.

Chini ya mlango walisugua kwa duara ndogo ndogo, wakafuta. Wakatazamana.

"Mtakatifu Anna!" Dominika alisema.

"Alhamdulillahi," Mwanamvua alisema.

Ndipo wakahamia kwenye boneti. Kazi ile haikuwa na sauti. Mkono ulizunguka, kitambaa kikazunguka, na chini yake weusi ulianza kurudi kama mtu anayeamka usingizini, kwanza kope, kisha uso. Kwanza Mwanamvua aliona kucha zake. Baadaye akaona tawi la mgomba. Kisha, alipoinama, akaona macho mawili ya mwanamke yakimtazama kutoka chini kabisa, kama kutoka kisimani, na hakujijua mara moja.

Ila pale pembeni, karibu na taa ya kulia, pakagoma. Palibaki doa la kijivu, ukubwa wa chapati. Mwanamvua aliongeza ute, akakaza mkono. Dominika akaushika mkono wake.

"Acha."

"Ndiko kwenye uso wa gari, Dominika. Ataliona kabla ya kitu kingine."

"Rangi hapa imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukiongeza, utakutana na bati, na kutu itaingia. Acha, dada yangu. Chungu kizuri chote kina mahali moto ulipokigusa."

Mwanamvua aliacha, lakini moyo wake haukuacha.

Dominika akafungua fundo la kanga yake, akatoa bonge la nta, la manjano, linalonukia asali na moshi.

"Hiyo si nta ya misheni?" Mwanamvua aliuliza. Alijua kwamba Zenon kila mwaka alipeleka nta yake kwa mapadri, ya mishumaa.

"Ni yao. Padri atapungukiwa mshumaa mmoja. Nitamwambia umewaka kwa Huseni."

Waliiyeyusha kwenye kopo lililowekwa ndani ya maji moto, wakaliondoa mbali na jiko kabla ya kutia mafuta ya taa kidogo, ikawa laini kama samli. Waliipaka kidogo sana, kama unavyompaka mtoto mafuta siku ya Idi. Waliiacha ikauke mpaka ikafanya ukungu, na Mwanamvua hakuuogopa ukungu huu, kisha wakaufuta kwa kipande kingine cha ile kanzu. Mwisho Dominika alichovya vidole kwenye mtungi akanyunyiza. Maji yakasimama juu ya boneti vidonge vidonge, kama umande juu ya jani la gimbi, yakateleza yakaenda zake.

"Vumbi la Rukwa sasa litapita kama mgeni," Dominika alisema. "Halitalala." Akajitwika vyungu vyake na kuondoka. Mwanamvua alipogeuka kumshukuru, alikuwa ameshafika barabarani, ananyoosha mkono bila kugeuza kichwa.

Ijumaa lori lilifika baada ya sala, jua likiwa kali na anga limeoshwa na upepo. Huseni alishuka akiwa ameshika bega la Felisiani. Alikuwa amekonda. Kitambaa cheupe kilikuwa kimezunguka kichwa chake, na alipoingia uani alisimama akavuta pumzi.

"Nta," alisema. "Na udongo. Mwanamvua, umejenga nyumba?"

Mwanamvua akamshika mkono, akamwongoza mpaka mbele ya gari. Na pale, kabla hajagusa kitambaa, akakuta hawezi kunyamaza.

"Baba Sada, nina neno. Nililisugua kwa majivu. Kama sufuria. Dominika amenisaidia tukalirudisha, lakini pamebaki doa. Nilitaka uone wingu lako, nami nimelitia doa."

Huseni alinyoosha kiganja, akakiweka kwenye boneti. Kiganja kikateleza, kikateleza, kama juu ya maji yaliyotulia, kisha kikafika pembeni na kupunguza mwendo.

"Hapa?"

"Hapo."

"Nifungulie."

Alimfungulia taratibu. Kope zilikuwa zimeshikana. Akazipangusa kwa maji. Huseni akafungua jicho, na jua lote la Ufipa lililokuwa juu ya boneti likamrukia usoni. Alipiga ukelele mdogo akajifunika. Machozi yakapenya kati ya vidole.

"Linawaka," alisema. "Siwezi. Ni moto mtupu."

Mwanamvua alikuwa amelisugua gari mpaka linauma. Alivua kanga ya begani, akaitandaza juu ya kichwa cha mumewe kama kihema, akaingia naye ndani.

Chini ya kanga ile Huseni aliinamisha uso, akafungua jicho tena kidogo kidogo. Akalipeleka pembeni. Likatua kwenye lile doa la kijivu, na halikufumba. Likakaa hapo, kama ndege aliyepata tawi.

"Hapa naona," alisema polepole. "Hapa hapaumi. Naona mkono wangu. Mwanamvua, hili doa usiliondoe."

Kutoka hapo jicho lilikwenda likirudi, likienda mbali kidogo kuliko mara ya kwanza, hadi likafika kwenye weusi, hadi likafika kwenye anga. Wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa bonde. Lilipanda juu ya boneti upande wa taa ya kushoto, likasafiri, wote wawili wakiliangalia. Lilipofika kwenye doa liliingia likapotea, na baadaye kidogo likatoka upande wa pili, zima.

"Sasa niambie," Mwanamvua alisema. "Kwa nini gari kwanza, si mimi?"

Huseni alicheka bila kuondoa jicho pale lilipokuwa.

"Daktari alisema siku ya kwanza jicho hukosea. Huona vitu vimepinda, vyenye moto. Nikasema likosee kwa gari." Akageuka taratibu, chini ya kanga, akamtazama. "Nisilione kosa usoni kwako."