Nje ya Kiwanda cha Bia

Sijawahi kuonja bia maishani mwangu, lakini pande hizi zetu hakuna anayejua kunishinda mahali inapopatikana bia nzuri. Dada Lurleen, tunayekaa naye benchi moja kanisani, husema marehemu mume wangu, Harless, angesikia habari hizi angetoka kaburini kuja kunisema. Harless alikuwa shemasi.

Ila Harless ndiye aliyeniachia gari. Na ile Njia ya miguu inayotoka jimbo la Georgia kusini mpaka Maine kaskazini inapita mlimani nyuma ya nyumba yetu. Watu wanaoitembea hushuka barabarani wakinuka kama mbuzi walionyeshewa, wanatafuta mtu wa kuwafikisha mjini. Nilianza kuwabeba mwaka ule niliobaki peke yangu. Nilidhani wataniomba niwapeleke kwa daktari au kwenye duka la viatu. Walitaka baga na bia. Tena si ya kopo. Wanataka ile inayopikwa hapo hapo, kwenye ghala la zamani la chakula cha ng'ombe, na kijana mwenye ndevu anayekueleza maji yametoka kijito gani. Kwa sheria wilaya yetu haiuzi pombe, kwa hiyo nawavusha hadi wilaya ya jirani. Wanaingia ndani, mimi nabaki garini na kitambaa changu cha kushona. Wakirudi, njia nzima wanazungumzia walichokunywa: hii ilikuwa chungu kama dawa, ile ilikuwa na harufu ya ganda la chungwa. Mtu akiwa na masikio atajifunza.

Kwenye Njia hawatumii majina yao. Wanabatizana upya. Huyu ninayetaka kumsimulia walimwita Nusu Glasi, kwa sababu aliagiza nusu, akainywa taratibu hadi wenzake wakamaliza tatu. Jina lake halisi ni Leonard Pawlak, fundi wa lifti kutoka Toledo, na ilinichukua miaka miwili kulijua. Alikuwa mtembea vipande. Hao hawana miezi sita ya kutembea Njia yote. Wanachukua likizo yao ya mwaka, wanatembea kipande, wanarudi kazini, mwaka unaofuata wanaanzia pale pale walipoishia.

Nilimpata mara ya kwanza kwenye barabara ya karibu kabisa na kwangu. Mwaka uliofuata alikuwa mbele zaidi, akanipigia simu nimchukue kituo cha basi. Uliofuata, mbele zaidi tena. Kila mwaka Njia ilimvuta kaskazini na kila mwaka niliendesha mbali zaidi kumfikia. Kulikuwa na madereva wa karibu. Aliniita mimi, nami sikumwambia kwamba wapo.

Hakuwa msemaji. Alikaa kiti cha mbele, mkoba magotini, akiangalia malisho na ng'ombe. Mara moja alinieleza jinsi kamba ya lifti inavyochakaa kutoka ndani. Mara moja nilimweleza jinsi Harless alivyokuwa akikohoa. Basi. Nilikuwa nikirudi nyumbani naona kimya cha jikoni kimekuwa kikubwa kuliko nilivyokiacha.

Mwaka huu alipopiga simu nikatazama ramani, nikaona amefika mwisho wa pale mkono wangu unapofika. Kipande kinachofuata kingemfikisha kwenye miji yenye treni, na mwenye treni hahitaji mama mwenye gari kuukuu.

Nikajiandaa. Kwanza nikatafuta bia. Nilipiga simu wilaya tatu, mwisho kiwanda kimoja chini ya mlima pale atakapoanzia. "Mna ile nyeusi, yenye ladha ya kahawa, isiyo na utamu mwingi?"

Kijana akasema, "Mama, wewe umepika bia miaka mingapi?"

"Mimi ni Mbaptisti."

"Basi karibu, mama. Ipo."

Pili nikatafuta maneno. Jumapili ya wiki ile ilikuwa ya Kurudi Nyumbani, siku ambayo kila aliyewahi kutoka katika kanisa letu hurudi, tunaimba, kisha tunakula nje kwenye meza ndefu. Kila mtu huja na watu wake. Mimi na Harless hatukujaliwa watoto. Tangu afe, kwenye meza ile naweka mkoba wangu juu ya kiti cha pembeni ili kisionekane kitupu. Nilitaka mwaka huu akae mtu. Nilitaka akae huyu.

Ijumaa nilimchukua kituoni, nikamwambia tukiwa tumeshaegesha mbele ya kiwanda, maana barabarani mdomo ulikataa.

"Keshokutwa kanisani kwetu ni Kurudi Nyumbani. Nilikuwa nafikiri labda ungekuja. Njia haitakimbia."

Akacheka, kwa upole. "Bi Verna! Nilijua siku hii itafika. Miaka yote najisemea, mama huyu hajanihubiria hata mstari mmoja, ana lake."

"Siyo mahubiri. Kuna kuku."

"Siku zote kuna kuku." Akafungua mlango. "Usiniudhikie. Mama yangu aliniombea hadi akachoka, na alikuwa na nguvu kukuzidi. Haya, unaingia?"

"Niko sawa hapa."

Alikuwa ameniuliza hivyo kila mara, kila kiwanda. *Unaingia?* Nami kila mara nilijibu vilevile.

Mvua ikaanza. Nikakaa na sindano mkononi bila kushona. Nikaona kilichotokea. Mwanamke wa kanisani akimkaribisha mtu kanisani, hakuna duniani atakayesikia kitu kingine ila wokovu. Nilikuwa nimemwambia *nakutaka karibu nami*, na yeye amesikia *tubu*. Halafu nikajiuliza mimi nilisikia nini miaka yote alipokuwa akinikaribisha. Nilisikia adabu. Siku nyingine nilisikia majaribu.

Agano la kanisa letu limetundikwa ukutani nyuma ya mimbari. Linasema tusinywe na tusiuze. Halisemi tusikae na wanaokunywa. Hilo la kukaa nililiongeza mwenyewe.

Nikaweka sindano chini, nikajifunika kichwa kwa kitambaa, nikaingia.

Kulikuwa na joto na harufu ya unga wa mkate unaoumuka, jambo nisilolitegemea. Binti mwenye michoro ya tatuu mikononi akanyanyua macho kwenye kaunta. "Mama wa gari ndiye huyu? Nusu Glasi alituambia una gari tu. Tulikuwa tunabishana kama una miguu!"

"Ninayo, na imelowa. Nipe maji."

Leonard alikuwa peke yake dirishani, glasi ya bia nyeusi mbele yake. Aliponiona alisimama haraka hadi kiti kikaanguka.

"Kuna nini? Gari limeharibika?"

"Gari ni zima. Kaa."

Tukakaa. Mikono yangu niliiweka mezani, nikaitazama hiyo.

"Leonard, roho yako ni kazi ya Bwana, mimi sikuitaja. Nilikualika kwa sababu nilitaka ukae pembeni yangu mezani, watu waone. Na baada ya hapo ukae tena siku nyingine. Ndiyo niliyokuwa nayasema kule nje. Niliyasema vibaya."

Aligeuza glasi polepole. Nje lori lilipita, maji yakaruka hadi kwenye kioo.

"Bi Verna," alisema, "nitakujibu ukweli, maana wewe umeusema. Kule kwangu kila mtu ananitaka kitu. Dada yangu anataka nihamie kwake. Kazini wanataka nifundishe vijana. Natembea ili nisitakiwe. Kiti chako cha mbele kilikuwa mahali pekee ambapo nilikaa na mtu asiyeniomba chochote. Ndiyo sababu nilikuwa nakupigia wewe. Madereva wa huku wapo, nilijua."

"Ulijua?"

"Namba zao zimebandikwa kila kibanda cha kulala kwenye Njia."

Nilikunywa maji yangu. Kama angekuwa mkali ningeumia kidogo tu. Alikuwa na macho ya mtu aliyevunja chombo cha wenyewe.

"Kwa hiyo sasa nimekuomba," nikasema.

"Sasa umeniomba."

"Na kiti changu hakiwezi kuwa kama zamani."

"Hapana. Nadhani hapana." Kisha akasema, "Laiti ningekuwa mtu wa namna nyingine."

"Usijitukane. Malizia bia yako, nimeitafuta wilaya tatu."

Akainywa yote, kwa mara ya kwanza bila kusubiri. Nikamuuliza kama ni nzuri. Akasema ndiyo nzuri kuliko zote alizokunywa kwenye Njia, nikaamini, kwa sababu hakuwa mtu wa kubembeleza.

Nilimpandisha hadi juu ya mlima pale Njia inapokata barabara. Hatukuzungumza, na kile kimya si kile tulichokizoea. Kilikuwa na watu wawili ndani yake, kila mmoja akijichunga. Alivaa mkoba, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akaingia mitini. Alama nyeupe zilizopakwa kwenye vigogo nilizifuata kwa macho mpaka sikumwona tena. Nikamwombea. Sikuombea wokovu, niliomba mvua ikatike na magoti yake yashike.

Jumapili nilikwenda na bakuli la viazi. Mchungaji akawaomba wenye wageni wasimame nao, watu wakasimama pande zote, wajukuu, wakwe, binamu kutoka Knoxville. Mimi na Lurleen tukabaki tumekaa. Mezani nje akaninong'oneza.

"Mpwa wangu aliliona gari lako Ijumaa. Kiwanda cha bia."

"Lilikuwepo."

"Ulikuwa unasubiri watembea kwa miguu, kama kawaida. Ndivyo nilivyomwambia."

"Nilikuwa ndani."

"Ndani ya gari."

"Ndani, Lurleen. Nimekaa mezani."

Uma wake ulisimama hewani. Alikuwa anasubiri nieleze, na nilijua nikieleza kidogo itafika kwa mchungaji kabla ya ibada ya jioni, na nikieleza yote atanionea huruma. Sikueleza. Mkoba wangu ulikuwa juu ya kiti cha pembeni. Nikauchukua, nikauweka chini kwenye majani, kiti kikabaki kitupu, kila mtu akikiona.

"Nipitishie kuku," nikamwambia.