Rangi ya Injini ya Mzee Nzivo

Njogu alimwaga birika la maji yanayotokota juu ya injini niliyoipaka, na rangi ikatoka kama ganda la kiazi. Ingekuwa nukta hapa na nukta pale, ningejitetea. Ilitoka vipande vizima, buluu tupu, ikateleza mpaka kwenye matope ya yadi mbele ya watu wote, na Wekulo akapiga mluzi.

Hiyo ilikuwa Ijumaa mchana, mwaka wa tisini na sita, katika yadi ya magari nyuma ya soko la Burma. Njogu ndiye aliyekuwa mwenye yadi, na Wekulo ndiye aliyekuwa fundi wake wa rangi. Injini ilitoka kwenye Suzuki ndogo, yale magari mafupi ya kupanda milima na kuvuka mito, aliyokuwa akiiendesha Mzee Nzivo, dereva wa shirika moja la kuchimba visima huko Kitui. Kila wiki alivuka mito ya mchanga, maji ya chumvi yakaingia mpaka chini ya boneti, na kutu ilikuwa imekula chuma mpaka unaogopa kukishika. Alitaka ipakwe rangi ya kukaa, si ya kupendeza siku mbili.

Mimi ndiye niliyeomba kazi hiyo. Nilikuwa nimeosha vyuma vya watu katika yadi ile kwa miaka, mikono ikininuka mafuta ya taa hata kanisani. Nilitaka kitu kimoja tu, kukabidhiwa bunduki ya kupulizia rangi na kuitwa fundi kama wengine. Njogu alikuwa amesema wazi, injini ya Nzivo ikishinda maji ya moto, bunduki nitapewa. Ikishindwa, nirudi kwenye karai langu na asisikie tena habari za rangi kutoka kinywani mwangu.

"Si nilisema?" Njogu aliliweka birika chini. "Mkono wa mwanamke ni wa ufagio. Wekulo ataipaka Jumatatu. Wewe Kamene, rudi kwa karai."

"Sirudi."

"Ati nini?"

"Sirudi kwa karai, mzee. Nitaipaka tena."

Alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Utaipaka na nini? Bunduki hiyo hugusi tena."

Akaenda zake Burma kula, kama kawaida yake ya mchana, na wengine wakamfuata, ila Wekulo. Nilibaki na injini yangu iliyoumbuka. Nina hasira za karibu, sikatai, na siku hiyo zilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa nimekosea. Niliiosha injini ile kwa petroli, nikaisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, kisha nikapiga msasa kama alivyonifundisha baba, aliyekuwa mchonga vinyago, ambaye hakuwahi kupaka vanishi juu ya mti mpaka kiganja chake kiridhike. Nilipaka rangi ya kwanza, ile nyekundu ya kushika chuma, nikaikausha vizuri, ndipo nikapuliza buluu. Mahali pa kulaumiwa sikupaona.

Niliokota kipande cha rangi nimtupie Wekulo, ambaye alikuwa amekaa juu ya tairi akinitazama na kucheka peke yake. Kipande kikaninata kidoleni. Nikakigeuza. Upande wa juu ulikuwa mkavu, safi kabisa, lakini upande wa chini uliteleza. Nikakinusa.

"Wekulo, kuja hapa. Nusa."

"Ninuse nini? Kilio chako?"

"Wewe nusa tu."

Alinusa, akakunja uso, akanusa tena. "Hiyo ni mbavu," akasema. "Mbavu ya mbuzi. Kamene, umenifanya nisikie njaa, bana."

Hapo ndipo nilipoelewa. Katika yadi ile hatukuwa tunanunua makaa. Wachoma nyama wa Burma walipopunguza moto baada ya saa za kula, walitupa makaa yaliyobaki, bado mekundu, nasi tukayatia kwenye nusu ya pipa chini ya injini ili rangi ikauke. Ilikuwa hivyo tangu Njogu afungue yadi, na kila mtu aliona ni bahati. Lakini makaa yale yalikuwa yamedondokewa na mafuta ya nyama tangu asubuhi. Moshi wake ulipanda ukatandaza mafuta juu ya ile rangi nyekundu, na mtu yeyote aliyepuliza rangi nyingine juu yake alikuwa anapaka sufuria lenye shombo. Wekulo hutia makaa kidogo, kwa uvivu wake, kwa hiyo rangi yake huchukua muda kubanduka. Mimi kwa kutaka kazi nzuri nilijaza pipa pomoni.

Njogu aliporudi, akichokonoa meno, nilimweleza yote. Nilimwonyesha hata kipande chenyewe.

"Makaa ya Burma yalikuwa yakikausha injini zangu wewe ukiwa bado unanyonya," alisema.

"Na zote zilibanduka, mzee. Ila zilibandukia mbali, ukawa huzioni."

Watu wakageuka kututazama. Hata mimi nilishtuka kidogo kusikia nimesema hivyo, lakini sikuomba msamaha. Njogu alinyoosha kidole kwenye geti. "Hapa ni kwangu. Makaa ni hayo hayo. Na injini ikipita geti hiyo bila mimi kusema, mwenye kuitoa asirudi."

Jumamosi mchana alipoenda kula, niliita mtu wa mkokoteni. Wekulo alituona tukiiinua injini. Angeweza kupiga kelele, lakini alikuja akashika upande mmoja, akanisaidia kuiweka juu ya gunia.

"Huyo mzee atakumaliza," alisema.

"Mwambie iko Kaloleni, mlangoni kwangu. Sijaiba. Akitaka aje aione."

Kutoka Burma mpaka Kaloleni si mbali. Nilitembea nyuma ya mkokoteni kifua mbele kama mtu anayepeleka bibi harusi, na waliotaka kushangaa washangae. Alasiri nzima nilikwangua. Nilitoa buluu yote na nyekundu yote, nikaosha kwa sabuni, nikafuta kwa thina na kitambaa kipya. Mikono niliivalisha karatasi za juala, maana hata jasho la kidole ni mafuta. Kabla jua halijazama nilikuwa nimepaka ile nyekundu kwa brashi ya manyoya, polepole, na jiko la makaa mapya, yasiyojua nyama, likiwa linaipasha kwa chini.

Shida ilikuwa Jumapili. Sisi pale Kaloleni nyumba zinatazamana na kila mama hupika nje mlangoni, na Jumapili baada ya kanisa hakuna nyumba isiyokaanga kitu. Chapati, maini, viazi, kuku. Ingekuwa Burma nyingine. Kwa hiyo asubuhi na mapema nilipita mlango kwa mlango nikiwaomba majirani wasikaange chochote mpaka jioni. Wengine walicheka wakakubali. Nilijua aliyebaki ndiye mlima wenyewe, Khalayi, jirani yangu wa ukuta mmoja, Mluhya asiyechezewa kuku wake.

"Mama Mitchelle, leo nakuomba usikaange."

Alikuwa tayari amemshika kuku miguu. "Kamene, unaumwa? Kuku ya Jumapili nimchemshe kama naenda kuona mgonjwa wodini?"

Nilimweleza. Nilimwambia habari ya karai, ya ufagio, na kwamba nikikosa hii Njogu hatanifungulia geti tena. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na machozi ya hasira yalinitoka, nayo sikuyaficha. Khalayi alinitazama, akamtazama kuku.

"Alisema ufagio?"

"Alisema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya yadi nzima."

Akachukua sufuria, akalijaza maji. "Leo tunachemsha," aliwatangazia wote. "Na atakayetoa karai la mafuta nje, atajua mimi nilitoka wapi."

Sikuenda kanisani siku hiyo, na mchungaji atanisamehe. Nilipaka buluu tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, kila moja nikilisubiri liache kushika kidole kabla ya kuongeza nyingine. Watoto walifukuzwa wasitimue vumbi. Waume waliorudi wakitarajia minofu iliyokaangwa walikuta supu, wakauliza kuna msiba gani, wakaambiwa waulize injini. Jioni niliiinamia nikaona uso wangu ndani yake.

Jumatatu nilifika na mkokoteni yadini. Njogu alikuwa amesimama katikati ya geti, mikono kiunoni.

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisirudi. Nimerudi. Leta birika."

Sijui kama alileta kwa hasira au kwa kutaka kuniaibisha mara ya pili, lakini alileta. Alimwaga maji yote, polepole, akizungusha. Mvuke ulipanda. Maji yakateremka yakaenda zake, na buluu ikabaki imekaa. Akamwaga birika jingine. Akachukua bisibisi akakwaruza pembeni, akakwaruza tena kwa nguvu, akapata mstari mwembamba tu. Wekulo aliinama akanusa.

"Hakuna mbavu," akasema.

Njogu alinivuta kando, karibu na pipa. Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya urafiki.

"Sikia. Bunduki nitakupa. Lakini mwenye gari akija, hii imepakwa na Wekulo. Watu wakisikia mwanamke wataenda yadi nyingine. Kazi ni yako, jina ni lake. Si hiyo ni sawa?"

Kabla sijajibu, Mzee Nzivo aliingia getini. Aliizunguka injini, akapitisha kiganja juu yake, akasimama, akakipitisha tena.

"Hii sasa ndiyo kazi," alisema. "Imepakwa na nani?"

"Wekulo," Njogu alijibu.

Wekulo alitazama viatu vyake. Bunduki nilikuwa karibu kabisa kuitia mkononi. Ningefunga mdomo kwa dakika moja tu ningekuwa nayo, na Mungu ni shahidi kwamba niliitaka.

"Ni mimi," nilisema. "Naitwa Kamene. Nimeipaka nyumbani kwangu Kaloleni, kwa brashi, kwa sababu hapa nilinyimwa bunduki. Ikibanduka nitafute mimi. Ikikaa pia nitafute mimi."

Njogu akageuka kwa Nzivo, akatabasamu. "Huyu ni wa kuosha vyuma, usimsikilize."

"Wekulo," Nzivo aliita, "umeipaka wewe?"

Wekulo alikuna kichwa. Alimwangalia Njogu, akaniangalia mimi. "Mimi nimeibeba tu, mzee. Nilishika upande huu."

Nzivo alicheka. Kisha akaniuliza kwa Kikamba mimi ni mtoto wa nani na nyumbani ni wapi, nikamjibu. Akamgeukia Njogu na kurudi kwenye Kiswahili ili kila mtu asikie. "Shirika lina Suzuki nyingine mbili kama hii. Nitazileta hapa akiwa huyu ndiye anazipaka. Kama hayuko, nitamfuata huko Kaloleni."

Uso wa Njogu ulipita rangi zote tulizokuwa nazo yadini. Aliingia katika kibanda chake cha vifaa. Alipotoka alikuwa na bunduki ya rangi, ameishika kwa mpira wake wa hewa kama mtu aliyebeba nyoka.

"Shika," alisema. "Fundi. Lakini kuanzia leo unyamaze."

Bunduki niliishika. Kunyamaza nikamwachia mwenyewe.