Mtufaha Uliokosa Usingizi

Usiku wa kuamkia leo niliota mtufaha wangu umebisha hodi mlangoni, saa sita mchana, ukajipangusa mizizi kabla ya kuingia ndani.

"Shikamoo, mama mdogo," ukasema.

"Marahaba. Karibu chai."

"Chai itanizidishia. Nina miaka minne sijalala."

Umama mdogo nilikuwa naujua. Mti ule aliupandikiza marehemu dada yangu Mwanaidi, nyuma ya nyumba yetu hapa Lushoto. Alifunga pale kikonyo kilipoungana na shina kwa kipande cha kanga yake, na mwezi uliofuata tukamzika. Alisema matufaha yake yatakuwa mekundu hadi nyama ya ndani. Sijaliona hata moja. Alhamisi mume wangu, Baba Mbelwa, alisema mti usiozaa ni kuni, na Jumamosi, yaani leo, ataukata ajenge banda la mbuzi. Roho iliniuma.

"Habari za kukatwa nimezipata kwa shoka," mtufaha unaendelea.

"Sikupeleka umbeya," shoka linajibu kutoka uvunguni. "Niliulizwa, nikajibu."

Mara tuko zahanati, kwenye benchi. Muuguzi ni mkasi wa kupogolea miti, umevaa miwani.

"Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

Nanyoosha mkono.

"Wakati wa kipupwe huwa unamfanyia nini?"

"Namwagilia maji. Asubuhi na jioni."

Mkasi unavua miwani, unaifuta, unaivaa tena. "Mtufaha hulala kwa baridi. Baridi ya kwetu haitoshi kuupukutisha, ndiyo maana mtu hung'oa majani yote kwa mkono, mti upate kulala. Ukiamka ndipo unatoa maua. Hukuambiwa?"

Niliambiwa. Mwanaidi alinielekeza vizuri sana, na mimi si kiziwi. Lakini ile ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake. Ningeuvuaje nguo mbele ya majirani? Nilimwonea aibu marehemu. Nawaeleza hivyo hivyo, na foleni nzima inanisikiliza.

"Mama mdogo," mtufaha unasema, "mficha uchi hazai."

Naanza kung'oa. Kila jani likitoka linasema "asante", kwa adabu, kama mtoto aliyepewa uji. Moja dogo la kileleni linasema "pole na msiba". Hapo nalia. Nalia sana, maana ni muda mrefu watu wameacha kunipa pole, nami nilikuwa bado naihitaji. Mkasi unaandika kwenye cheti: mgonjwa anaendelea vizuri, ndugu yake pia.

Benchi limeshakuwa kitanda changu. Mtufaha umelala upande wa Baba Mbelwa, mtupu kabisa, na umevuta blanketi lote. Baba Mbelwa anaingia na shoka begani.

"Aliyelala simkati," shoka linamwambia. "Tafuta kazi nyingine."

Nikaamka. Kumekucha, blanketi liko sakafuni. Baba Mbelwa hayupo na shoka halipo uvunguni. Nikatoka mbio bila viatu.

Mtufaha ulikuwa umesimama pale pale, hauna jani hata moja. Yote yako chini. Nikatazama mikono yangu. Kucha zina wekundu wa utomvu wa majani, utadhani nimepaka hina. Baba Mbelwa alikuwa mbele ya mti, shoka mkononi.

"Umeupukutisha saa ngapi?" akaniuliza.

"Mbona unanong'ona?"

Akautazama mti, akanitazama mimi. Kisha akainama, akalilaza shoka kwenye nyasi taratibu, lisije likagonga jiwe.

"Hata sijui," akanong'ona. "Twende tukaongelee ndani."