Nywele za Denis

"Vichwa vimekwisha Hombolo nzima, Mama Joha, mpaka wembe wako umfuate mwanangu?"

"Shule si zinafunguliwa keshokutwa? Miaka yote nawanyoa watoto wa mtaa huu, leo ndo imekuwa kesi?"

"Ndiyo kesi! Unajua fika leo wanakuja kuchukua nywele!"

Majirani tulishatoka, wengine na povu la mswaki mdomoni. Ugomvi huu tuliujua unakotoka. Mume wa Hamida, yaani huyo Mama Joha, anayeyusha betri kuukuu za magari uani, apate madini ya risasi ya kuwauzia wavuvi wa bwawani waning'inize kwenye nyavu. Moshi wote wenye sumu unalala kwa jirani yake Sidonia, huyu aliyekuwa akifoka. Denis wake haachi kulia tumbo, na herufi alizozijua mwaka jana zimempotea. Wapimaji wa afya walishasema nywele hutunza sumu ya miezi. Ikionekana humo, moto utazimwa na mtoto atatibiwa. Sasa kichwa chenyewe kinang'aa kama kibuyu.

"Mumeo ndiye kakutuma," Sidonia alisema.

Hamida akatazama chini. Tukajua ni kweli.

Wapimaji wakafika na mikasi yao. Muuguzi Edina alipapasa kile kichwa, akaguna. "Safari hii tunachukua nywele tu, mama. Wa damu watakuja, sijui lini."

Sidonia akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

Lakini nani kwetu hutupa nywele, mbaya wako akaziokote? Hamida hufunga za kila mtoto kwenye kitambaa chake, akazichomeka chini ya bati. Akaingia ndani. Tukamsikia mumewe: "Ukizitoa hizo, humu usirudi!"

Alitoka na Joha, mwanawe, mgongoni, na vifundo viwili mkononi.

"Hizi za Denis. Na hizi za Joha. Naye siku hizi halali kwa tumbo."

Majibu yalirudi mvua zikianza: mabaya kwa wote wawili, ya Joha yakizidi. Siku ile hatukuyajua. Tulichosikia ni komeo likishuka nyuma ya Hamida. Akabaki uani, hajui aelekee wapi.

Sidonia alijikung'uta vumbi, akafungua mlango wake.

"Mlenda unapoa, Mama Joha," alisema. "Mlete mtoto ndani, mle."