Salamu ya Kifudifudi

Gbolahan hakuwa mchezaji mbaya wa sataranji. Alikuwa mchezaji wa kuchelewa, na Ibadan nzima ilijua. Katika michezo ya mtandaoni ya dakika tatu tatu, yeye huitafakari hatua moja kama anayechagua mke, mpaka saa inamwishia huku malkia wake bado mzima na jeshi lake limenona. Wenzake wa klabu walimwita Baba Mazishi, kwa kuwa kila akiushika ushindi huuzika mwenyewe.

Jumamosi hiyo ilikuwa raundi ya mwisho ya kuchagua timu ya jimbo. Akishinda, anaingia. Akishindwa au wakitoka sare, anabaki nje mwaka wa tatu mfululizo, na jambo hilo lilimnyima usingizi kuliko alivyokubali kumwambia mkewe, Morenike. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo alichezea simu, mkekani sebuleni, dhidi ya Taofik wa Osogbo, fundi wa maneno.

"Umesinzia, mzee?" Taofik alimwandikia. "Nikuletee mto?"

Gbolahan alimzidi askari mmoja, lakini zilimbaki sekunde arobaini tu. Taofik alikuwa na dakika nzima na ushee. Hapo ndipo sauti ilipotoka mlangoni.

"Wenyewe mpo?"

Mama mkwe! Na mama mkwe hasalimiwi kwa kupungiwa mkono. Kwa mila za kwao, mkwe wa kiume hulala kifudifudi, kichwa chini, na hainuki mpaka aambiwe. Gbolahan alimlaani shetani, akalala. Ila simu alilala nayo, akaiweka mbele ya pua. Adabu inataka macho yatazame chini, na yake yalitazama chini kwa moyo wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

"Salama, mama." Farasi akaruka.

"Kazi je?"

"Inakwenda, mama." Ngome ikasogea.

"Na mvua ya juzi haikuezua bati?"

"Haikuezua, mama." Askari akasonga mbele.

Hakuwa na nafasi ya kupima wala kupembua. Kila swali lilitaka jibu papo hapo, na kidole nacho kikafuata ulimi. Kule Osogbo, Taofik alishtuka. Huyu Baba Mazishi leo kapata wapi mbio? Akaanza kunusa mitego isiyokuwepo, akaganda, na saa yake ikawa inamla.

Mama mkwe hakusema inuka. Aliulizia majirani, akaulizia mbuzi wa majirani, akaulizia shangazi wa Lagos na mguu wake.

"Na mjomba wako wa Oyo, hajambo?"

"Hajambo sana, mama."

"Si tulimzika mwaka juzi?"

"Ndiyo, mama. Anapumzika vizuri."

Jikoni, Morenike aliyekuwa akikaanga ndizi aliangusha mwiko kwa kicheko.

Saa ya Taofik ikaisha. Simu ikaandika ushindi. Furaha ilimpanda Gbolahan mpaka kooni, na aibu ikaifuata nyuma.

"Haya, inuka," mama mkwe alisema, akimgusa begani. "Umemweza?"

Gbolahan aliinuka na alama za mkeka kwenye paji la uso. "Mama, kumbe ulikuwa unaona?"

"Farasi wenu sijui anakwendaje, ila saa naijua kusoma. Nimesimama hapo mlangoni kitambo, nakuona umeganda kama ugali wa amala wa jana. Ulipolala ndiyo ukaanza kucheza. Sasa ningekuinua ili iweje? Nimeuliza mpaka walio hai wakaniishia!"

"Nisamehe, mama. Sikukusalimu vizuri."

"Hukunisalimu kabisa," alisema, akaketi na kukilegeza kilemba chake. "Lakini mkeo kaniambia usiku hulali, unajigeuzageuza kwa ajili ya hiyo timu. Mimi na wewe tuna siku nyingi za kusalimiana. Timu ingekupita."

Gbolahan aliizima simu. Miaka yote ya ndoa yake alimwogopa mwanamke huyu, na siku zote alidhani kumwogopa ndiko kumheshimu. Aliiacha simu kitini, akalala tena kifudifudi, mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

Safari hii hakuwa na haraka ya kuambiwa inuka.